Upande wa Kushoto wa Gari la Msiba

Fundi Nikolaus hakuitikia shikamoo.

Sajenti Editha aliitoa kwa heshima zote, amesimama kwenye mlango wa mabati wa gereji yake pale Mikumi, saa mbili asubuhi ya Jumanne. Fundi aliisikia vizuri sana, maana aliinua macho, akamkagua kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akarudi kwenye kazi yake kama aliyepitiwa na upepo. Mtu mzima wa miaka hamsini na tano kumnyima mtu marahaba! Kwa watu wa Kilosa hilo ni tusi lililokamilika, halihitaji kuongezewa neno. Editha alilimeza. Hasira alikuwa nazo, ila muda wa kuzitumia hakuwa nao.

Kesho saa tatu, kule Kilosa, dereva wa bodaboda aitwaye Timotheo alikuwa apandishwe kizimbani kwa kosa la kusababisha kifo cha mwalimu Magreti. Jumamosi jioni, jua likizama, alikuwa amempakia mwalimu kwenye barabara ya Mikumi kwenda Kilosa wakaanguka. Mwalimu alifia palepale. Timotheo alivunjika mfupa wa bega, na tangu aokotwe alikuwa na neno moja tu mdomoni: gari kubwa jeusi liliwapita kwa nyuma, likawakwangua upande wa kulia, likakimbia. Hakuna mwingine aliyeliona. Inspekta Samson, mkubwa wa Editha, alicheka kwa dharau aliposikia. Kila dereva wa boda anayeangusha abiria, alisema, huja na gari lake la kufikirika.

Gari la kufikirika Editha alikuwa ameliona jana, tena msibani. Lilikuwa Prado jeusi la Cleopa, mfanyabiashara wa vitunguu wa hapohapo Mikumi, mume wa Joyce, dada wa marehemu. Nyumba ya msiba ilikuwa ya Cleopa mwenyewe. Prado lilikuwa limeegeshwa ubavu wa kushoto ukiwa umebanwa na ukuta, na hapo lingebaki kama vijana wa turubai wasingeomba lisogezwe. Liliposogea jua likaupiga ule ubavu, na Editha akaona mduara juu ya mduara, kama saruji iliyosawazishwa kwa mwiko na mtu mlevi. Upande wa kulia ulikuwa umeoshwa tu, na mikwaruzo yake ya zamani ilikuwepo yote. Akapiga picha kwa simu. Cleopa, bila hata kuulizwa, akamwambia gari lilipigwa polishi Ijumaa kwa Nikolaus, na ni bahati kwamba sasa litamsindikiza shemeji yake kwa heshima.

Nani anang'arisha gari upande mmoja?

Leo saa sita msafara ulikuwa uondoke kwenda kuzika Vidunda, kwao marehemu. Njia ya kupanda Vidunda imebanwa na vichaka huku na huku. Prado likishapanda mlima na kushuka, ubavu wake utakuwa na mikwaruzo mipya mia moja, na ushahidi wowote uliobaki utakuwa umekwisha. Ndiyo maana Editha alilimeza lile tusi, akavuta kopo tupu la rangi, akaketi bila kukaribishwa.

Fundi alikuwa na mteja. Alex, dereva wa watalii, alikuwa amesimama kando ya gari lake la kijani lililochanwa na miiba ya mbugani pande zote mbili, akiangalia saa kila baada ya dakika.

"Fundi, nipigie na ile mashine kubwa bwana. Nina wageni saa saba."

"Ile kubwa inaitwa Kichaa," alijibu Nikolaus. "Inazunguka tu, haijui kingine. Inakula mkwaruzo haraka na inakula rangi haraka. Huyu hapa ni Mpole. Anazunguka huku anatikisika. Anachelewa, lakini hachomi wala haachi miduara."

"Na mtu mwenye haraka?"

"Mwenye haraka akaoshe kwa ndoo aondoke. Hapa hajaitwa."

Lo, ulimi wa mzee ule! Lakini mikono ilikuwa kitu kingine. Gari lilikuwa limeshaoshwa na kukaushwa. Alibandika tepu ya karatasi kwenye kila ukingo na kila mpira wa dirisha, taratibu, akiifuta kwa kidole gumba. Kisha akachagua eneo dogo la mlango, la upana wa viganja viwili, akajaribu hapo kwanza kwa sponji laini na polishi nyepesi. Akafuta, akamulika kwa tochi, akaguna. Mikwaruzo ilikuwa bado. Akabadili sponji ngumu kidogo, akaongeza dawa ya kusaga kidogo, akajaribu tena palepale. Safari hii alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye kibao cha mashine, kile kisahani kinachoshika sponji, alikuwa amechora mstari kwa kalamu ya wino mzito.

"Wa nini huo?" Editha aliuliza.

Fundi alijibu akimtazama Alex, kama kwamba swali limetoka kwake. "Mpole ukimkandamiza sana anaacha kuzunguka, anabaki kutetemeka tu. Mstari ukisimama, najua nimezidisha mkono. Na wewe mwanamke, ni polisi. Polisi mnajulikana kwa viatu. Sema ulichofuata."

Basi Editha akatoa kitambulisho. "Prado jeusi la Cleopa. Nani kaling'arisha?"

"Mimi."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Ijumaa ni Ijumaa."

"Kwa mashine ipi?"

Hapo fundi alisita. Aliangalia Mpole, akaangalia Kichaa. "Kichaa," alisema hatimaye.

Majibu yalikuwa yamepangwa kama sala ya darasani. Na yalikuwa majibu mabaya. Ajali ilikuwa Jumamosi. Kama gari lilipigwa polishi Ijumaa, basi ile miduara haikuwa na lolote la kuficha, na Timotheo kesho anapanda kizimbani peke yake na bega lake lililofungwa.

"Utaandika maelezo," Editha alisema. "Utasaini."

"Lete karatasi."

"Ukiandika uongo ni kosa la jinai, fundi. Kuna kijana anaozea mahabusu."

"Mnitishe na nini tena?" Nikolaus aliifuta mikono kwenye bwelasuti. "Mashine yangu ya kwanza ilikaa kielelezo miezi minane katika kesi ya wizi isiyonihusu. Miezi minane nilipiga polishi kwa kiganja. Lete karatasi nisaini, uniondokee hapa. Kijana wako mahabusu simjui."

Kumtishia kulikuwa ni kupoteza wakati, Editha aliliona hilo. Alikiangalia kile kiwanja. Juu ya mlango wa mabati paliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja hakiuzwi, na chini yake namba ya simu ambayo alikuwa nayo tayari kwenye daftari lake: ya Cleopa. Kumbe! Fundi alikuwa amekalia ardhi ya mtu. Mtu aliyekalia ardhi ya mwingine hasemi mbele ya askari kitu ambacho kitamfanya afungashe mashine zake kesho yake asubuhi. Angesaini Ijumaa, angesaini hata Krismasi.

Kitu pekee ambacho Nikolaus alikuwa nacho na ambacho si cha Cleopa kilikuwa mikononi mwake. Editha akafungua simu, lakini hakumpa fundi. Alimpa Alex.

"Kaka, samahani. Wewe gari ndiyo kazi yako. Hebu niangalizie kazi ya fundi wako, mimi sijui mambo haya."

Alex alipokea, akaikuza picha kwa vidole viwili. Uso wake ukabadilika. "Mungu wangu. Hii imeungua hii. Fundi, hii umefanya wewe?"

Nikolaus aliinamia mashine yake.

"Si amesema mwenyewe ni yake?" Editha alidakia. "Umesikia. Ijumaa, kwa Kichaa."

"Mzee, basi tuachie hapo." Alex alikuwa tayari ameuchukua ufunguo wake juu ya meza. "Gari la ofisi hili. Likirudi hivi nafukuzwa kazi leo leo. Nitatafuta mtu Morogoro."

"Weka ufunguo," fundi alisema.

"Hapana, mzee wangu, kwa kweli—"

"Weka ufunguo nimesema! Na hiyo simu ilete hapa."

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Editha hakumwonea huruma, akazidi kuchochea, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Nitaandika hivi, fundi. Mimi Nikolaus, fundi wa rangi, nimelipiga polishi gari hili kwa mkono wangu, nikaacha miduara kuanzia fenda hadi mlango wa nyuma, na ukingoni nikachoma rangi mpaka ikaonekana bati. Yatasomwa kwa sauti mahakamani. Watu wa Mikumi watajaa pale, na mafundi wenzako wa Kilosa."

"Ishia hapo!"

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Mimi?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Mimi nichome ukingo? Miaka ishirini na nane nashika rangi! Ukingoni rangi ni nyembamba, hata mwanafunzi wa wiki moja anaweka tepu kwanza. Hii haina tepu. Tazama mpira wa dirisha, huu weupe ni dawa ya kusaga imeganda, mshenzi hakufuta hata! Na hii miduara, unaona ilivyo mikubwa na mikali? Kichaa nampeleka mizunguko mia sita kwa dakika nikitandaza dawa, nikizidisha sana elfu moja na mia tano, na mkono unatembea, hausimami mahali pamoja. Hii mashine ilikuwa inakimbia elfu kumi na moja. Hakuna mashine ya polishi inayokimbia hivyo, mama. Hiyo ni grenda! Grenda ya kukatia vyuma! Kazi ya grenda unanibandika mimi?"

Alex alikuwa ameacha mdomo wazi. Nikolaus naye akatambua alichosema, akaketi taratibu kwenye tairi, akashika kichwa. Kwa kulinda kazi yake alikuwa amemuuza mwenye kiwanja.

"Nani alikuwa na grenda?" Editha aliuliza, sasa kwa upole.

"Umenifanyia ushetani, wewe binti."

"Nimekufanyia. Nani?"

Mzee alitema mate pembeni. "Jumapili, saa moja asubuhi, Cleopa alikuja hapa kabla sijafungua. Alitaka kuazima Mpole. Mimi mashine yangu siazimishi, hata angekuja askofu. Akang'ang'ania, akanikumbusha kiwanja ni cha nani. Basi nikampa pedi ya manyoya ya kondoo pamoja na kibao chake, ili aniondokee. Nilidhani atasugua gari kwa mkono. Kibao kile nati yake inaingia kwenye grenda bila shida yoyote, ndilo balaa lenyewe. Adhuhuri akairudisha. Akasema nikiulizwa, gari nilipiga mimi, Ijumaa."

"Na hukujiuliza kwa nini?"

"Nilijiuliza. Halafu nikaangalia kiwanja changu. Chake." Alinyanyua uso. "Ndiyo hivyo. Niandike muoga. Lakini usiniandike kwamba nilichoma rangi."

"Pedi iko wapi?"

Ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Fundi mwingine angeitupa, yeye aliitundika ili kila akipita aikasirikie. Manyoya katikati yalikuwa yameungua na kuwa magumu, yamekolea weusi wa rangi ya gari. Lakini pembeni, kwenye mzingo wa nje, kulikuwa na kitu kingine. Editha aliigeuza kwenye mwanga bila kuigusa kwa vidole vitupu. Kilikuwa chekundu, unga mwekundu ulioyeyukia kwenye manyoya.

"Prado halina wekundu popote," alisema Alex.

"Halina," alisema Editha.

Pikipiki ya Timotheo, iliyokuwa kituoni Kilosa, ilikuwa na chuma cha kukinga injini kilichochomelewa mtaani na kupakwa rangi nyekundu ya mafuta. Upande wa kulia wa chuma kile ulikuwa umechunika. Cleopa alikuwa ameusugua wekundu kutoka kwenye gari lake, akausugua vizuri tu. Hakufikiria ulikokwenda.

Editha akaiweka pedi kwenye bahasha ya kaki, akajaza hati ya kuchukua kielelezo, akaandika saa na mahali, akasaini. Nikolaus akasaini. Alex akasaini kama shahidi.

"Itakaa miezi mingapi?" mzee aliuliza kwa uchungu.

"Sijui, fundi. Lazima ipite kwa mkemia."

"Hiyo chukua. Mpole humgusi." Aliinuka akamfuata hadi mlangoni. Pale akasita, akakuna kidevu. "Marahaba," alisema, akamfungia mlango wa bati usoni.

Inspekta Samson alipokea simu kwa kuguna, na alipoelezwa akapandisha sauti mpaka Editha akaisogeza simu mbali na sikio.

"Ukamate gari la msiba? Jeneza likiwa barabarani? Una wazimu?"

"Afande, likipanda Vidunda hatuna kitu."

"Una pedi yenye unga mwekundu na mzee mwenye kinyongo na mwenye nyumba wake. Wakili atamtafuna kama muwa. Cleopa akisema Nikolaus ndiye aliyeipeleka hiyo pedi kwenye grenda yake mwenyewe, utajibu nini?"

Hapo alisema kweli. "Nitamuuliza Cleopa mwenyewe mbele ya watu," Editha alisema.

"Ukikosea, Sajenti, barua ya kukushusha cheo naiandika mimi kwa mkono wangu."

"Sawa, afande."

Alipofika msibani ilikuwa saa tano na nusu. Turubai lilikuwa limejaa, masufuria yameshaoshwa, katekista amemaliza sala. Jeneza lilikuwa juu ya pikapu iliyotangulia, limefunikwa kitambaa cheupe, na msalaba wake umelazwa juu. Prado lilifuata nyuma, injini ikinguruma. Kwenye kiti cha nyuma aliketi Mama Naomi, mama wa marehemu, mwanamke mwembamba wa milimani, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Joyce alikuwa kando yake, amevimba macho.

Cleopa alikuwa amesimama katikati ya watu, suti nyeusi, jasho, sauti juu. "Yule muuaji wa bodaboda kesho tunakwenda wote Kilosa! Wote! Tukamwone akifungwa!" Watu wakaitikia kwa mngurumo.

Editha alimtafuta kwanza mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Tomasi, akamnong'oneza asimame karibu asikie. Ndipo akalizunguka Prado na kusimama mbele yake.

"Bwana Cleopa, poleni sana na msiba. Maswali matatu, kisha mnaondoka."

"Sasa hivi? Adabu umeiacha wapi wewe?" Cleopa aligeukia watu. "Jamani oneni! Muuaji wamemkamata, bado wanakuja kusumbua wafiwa!"

"Mtoeni huyo!" alipaza mtu. Mwingine akasema polisi wamehongwa na watu wa bodaboda. Duara likambana Editha mpaka akahisi kiwiko cha mtu mgongoni. Aliogopa, kwa nini tufiche. Lakini hakusogea mbele ya gari.

"La kwanza. Gari hili lilipigwa polishi lini?"

"Nilikwambia jana. Ijumaa! Kwa Nikolaus, kila mtu anamjua."

"La pili. Tangu Ijumaa kuna mtu mwingine aliyegusa rangi yake?"

"Hakuna! Wala kwa kitambaa."

Editha akafungua bahasha, akaishika pedi kupitia karatasi, akaiinua watu waione. Macho ya Cleopa yaliruka hadi kwenye pedi, yakarudi haraka mno.

"La tatu. Grenda yako iko wapi?"

"Grenda gani?"

"Ya kukatia chuma."

"Mimi muuza vitunguu! Grenda ya nini? Sina. Sijawahi kuwa nayo, na hapa kwangu haijawahi kuingia. Muulizeni yeyote. Sasa toka mbele ya gari langu kabla sijawaachia hawa watu wakutoe!"

Watu walikuwa tayari. Mkono mmoja ulimshika Editha begani, ukaanza kuvuta.

"Baba Petro."

Sauti ilitoka ndani ya gari, ikimwita Cleopa kwa jina la mtoto wake. Haikuwa kubwa, lakini ule mkono begani uliachia, maana wote walijua ni ya nani, na wote walijua haipaswi kusikika. Mama mkwe wa kule milimani hasemi na mkwewe waziwazi. Akiwa na neno, humtuma bintiye. Hapokei chakula mkononi mwake wala hamwangalii usoni. Miaka kumi na moja ya ndoa ya Joyce, Mama Naomi na Cleopa walikuwa wamesalimiana kwa kuinamisha vichwa tu.

Sasa alikuwa ameteremsha kioo, amesukuma khanga nyuma, na alikuwa anamtazama mkwewe machoni.

"Jumapili ulikuwa nayo," alisema.

"Mama..." Cleopa aliinamisha kichwa kwa mazoea. "Mama, mambo haya tuachie sisi."

"Mlinilaza chumba cha uani. Nilikuwa nalia, nikasikia chuma kinalia nyuma ya nyumba, muda mrefu, mpaka nikashindwa kulia. Nikamtuma Joyce akuulize ni nini. Joyce, alikujibu nini?"

Joyce alimwangalia mama yake, kisha mumewe. "Alisema anatengeneza msalaba, mama. Wa chuma. Wa kaburi la Magreti."

"Nikanyamaza," alisema Mama Naomi. "Nikamshukuru Mungu kwamba mkwe wangu ana moyo, hata hapumziki, anamtengenezea mwanangu msalaba. Nimekaa kimya siku mbili nikijua nitauona leo." Alinyoosha mkono kuelekea pikapu. "Uko wapi?"

Watu wote wakageuka. Msalaba uliolazwa juu ya jeneza ulikuwa wa mbao, mpya, wa kununuliwa kwa seremala, jina la Magreti limeandikwa kwa rangi nyeusi ambayo haijakauka vizuri.

"Haukutoka vizuri," Cleopa alisema haraka. "Chuma kilikuwa kibovu, mama, nikaamua ninunue wa—"

"Nionyeshe huo mbovu."

Cleopa alitazama nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta kitu ambacho anajua hakipo. Mzee Tomasi alikuwa ameshawatuma vijana wawili uani, na mmoja alikuwa anarudi tayari, ameshika grenda kwa waya wake. Kwenye shingo ya grenda manyoya meupe yalikuwa yamejisokota.

"Sikujua ni yeye!" Cleopa alilia ghafla, akawageukia watu, akamgeukia Joyce. "Nawaapia! Giza lilikuwa linaingia, nilidhani nimewagusa tu, nilidhani wamesimama. Sikujua ni Magreti! Mpaka niliporudi nyumbani nikapigiwa simu. Joyce, mke wangu, sikujua kama ni Magreti!"

Joyce alipiga ukelele mmoja, akaanguka magotini mwa mama yake. Umati uliotaka kumtoa Editha ukamgeukia Cleopa, na Editha akalazimika kumkinga kwa mwili wake mtu yuleyule, akisaidiwa na Mzee Tomasi, mpaka ufunguo wa Prado ukawa mkononi mwake na pingu zikafungwa. Akampigia Inspekta Samson. "Afande, gari ninalo, mtu ninaye, amekiri mbele ya watu mia. Timotheo kesho asipelekwe mahakamani." Mkubwa wake akasema atalishughulikia, akakata.

Mama Naomi alikuwa ameshuka kwenye Prado. Alikataa kushikwa. Alitembea mwenyewe hadi alipokuwa mkwewe, akasimama karibu naye kuliko alivyowahi kusimama.

"Unasema hukujua ni Magreti," alisema. "Angekuwa mtoto wa mwingine, ungelala vizuri?"

Cleopa aliinamia pingu zake.

Mama Naomi hakusubiri jibu. Akaenda kwenye pikapu, vijana wakamnyanyua, akaketi juu ya ubao kando ya jeneza, mkono mmoja juu ya kitambaa cheupe. Editha alimfuata ili amuage. Mama ndiye aliyetangulia kusema.

"Mwanangu, yule kijana wa pikipiki ana mama?"

"Anaye, mama. Yuko Kilosa, anashinda nje ya kituo tangu Jumapili."

"Nimemlaani mtoto wake hapa, mbele ya watu hawa wote, siku tatu mfululizo. Nimemtaja kwa jina." Alivuta pumzi. "Mwambie asiondoke pale. Nikimaliza kumzika wangu, nashuka kwenda kumpigia magoti."

Akagonga bati la pikapu kwa kiganja, dereva akaondoa gari.